Kupanda Usambara kwa baiskeli: Mombo, Lushoto mpaka Mtae, hatua kwa hatua

Watu wakisikia unataka kupanda milima ya Usambara, kule mkoa wa Tanga, na baiskeli swali la kwanza ni lile lile, "utauweza ule mlima wa Mombo?" Wanamaanisha ile barabara ya kona kona inayotoka Mombo kupitia Soni mpaka Lushoto. Jibu langu siku zote ni kwamba ule ndio rahisi. Una lami, unapanda taratibu, na maji ya kununua yapo. Kazi inaanza baada ya Lushoto, lami ikikuacha, unapanda unashuka unapanda tena hadi unachanganyikiwa, na kazi nyingine kubwa zaidi ambayo hakuna anayeiuliza ni kushuka. Mi miguu haijawahi kunikwamisha kule, breki ndio zimenikwamisha. Kwa hiyo huu mwongozo utaona nimekaa sana kwenye gia na breki kuliko kwenye mapafu.

Njia yenyewe ni hii: unaanzia Mombo, pale njia kuu ya Dar kwenda Moshi, mita mia nne na kitu tu juu ya bahari. Unapanda kama kilomita 33 mpaka Lushoto mjini, karibu mita 1,400. Unapumzika siku moja. Kisha unapita Magamba, Lukozi na Sunga mpaka Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa, kama kilomita 60 kutoka Lushoto. Halafu unarudi. Kwa mtu wa kawaida mwenye mzigo tenga siku sita, na mwenye haraka abaki nyumbani.

Kwanza, chagua mwezi

Usiende masika. Machi mpaka Mei ule udongo mwekundu wa juu unageuka sabuni, unaganda kwenye tairi, unajaa kwenye breki mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, halafu mvua kubwa zikipiga huwa kuna sehemu mawe na udongo vinaporomoka barabarani. Vuli nayo, kuanzia Oktoba mwishoni hivi mpaka Desemba, ni bahati nasibu.

Juni mpaka Septemba pamekauka ila baridi ipo na ukungu asubuhi, Julai usiku Lushoto unatafuta blanketi la pili hata kama umetoka Mombo ukiwa umelowa jasho. Januari na Februari pia pazuri, chini kunakuwa na joto kali lakini juu raha tupu, na unakuta plamu zinauzwa barabarani. Mi napenda Septemba, vumbi lipo lakini ukungu umepungua na kule Mtae unaona mbali.

Baiskeli: acha kuangalia rangi, hesabu meno

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu ananunua baiskeli ya mtumba nzuri tu, nyepesi, ya kukimbilia lami, anaenda nayo mlimani na mzigo wa kilo kumi na tano, akifika kona ya tatu anashuka anasukuma.

Geuza baiskeli hesabu meno ya gia ndogo kabisa ya mbele, kisha meno ya ile kubwa kabisa ya nyuma kwenye friwili. Gawanya ya mbele kwa ya nyuma. Jibu likiwa moja, mfano 28 kwa 28, kila ukizungusha pedeli mara moja baiskeli ya tairi inchi 26 inasogea kama mita mbili. Likiwa 24 kwa 34 inasogea kama mita moja na nusu. Tofauti unaweza kuiona ndogo lakini ukizungusha mara 60 kwa dakika hiyo ya kwanza inakulazimisha kwenda kilomita saba na nusu kwa saa, na ya pili inakuruhusu kwenda tano na kidogo. Kwenye mpando wa kweli na mzigo nyuma, hiyo tano ndiyo inayokuacha bado unaongea na mwenzako. Kwa hiyo tafuta jibu lililo chini ya moja, na kadiri linavyopungua ndivyo magoti yako yatakavyokushukuru. Zile baiskeli za milimani za zamani zenye gia tatu mbele zinafaa sana, watu wanazidharau siku hizi lakini huku ndiko kwao.

Tairi, pana. Inchi 26 kwa 2.0 hivi, zenye meno ya wastani. Na kitu kidogo ambacho kimeniokoa mara nyingi, hakikisha tyubu zako zina valvu nene ile kama ya pikipiki au gari. Zile nyembamba za kisasa ni nzuri mpaka siku pampu yako inapoharibika Sunga, hapo kila fundi pikipiki ana pampu na hakuna hata moja inayoingia. Kwa valvu ya pikipiki unajaziwa upepo popote penye kijiwe cha bodaboda.

Breki za mipira au za disiki zote zinafika. Ila beba pedi za akiba, seti mbili, usiseme "hizi bado nzima". Za kwako ukizimaliza juu kule dukani unakuta za Phoenix tu, zile baiskeli nzito za mizigo, na hizo ni habari nyingine kabisa.

Spoku nne za akiba za saizi yako, zifunge kwa utepe kwenye fremu. Zinazokatika ni za gurudumu la nyuma upande wa cheni, karibu kila mara, kwa sababu spoku za upande huo hukazwa zaidi ili kupisha friwili. Kama baiskeli yako ni inchi 29 ndio kabisa usitegemee kuzipata Lushoto. Ongeza tyubu mbili, viraka na solusheni, kifaa cha kukata cheni, waya mmoja wa gia na mmoja wa breki. Oili ya cheni chupa ndogo, na usikubali fundi akupake oili chafu ya injini, vumbi la huko juu likikutana nayo unapata msasa.

Mzigo

Kilo kumi. Kumi na mbili ukiwa mbishi. Lushoto kuna gesti za kila bei, Mtae zipo, njiani chakula kipo, sasa jiko na sufuria unabeba za nini?

Gawanya uzito chini na pande zote mbili, usirundike begi la mgongoni, mgongo utalowa jasho ukipanda na ukianza kushuka lile jasho linageuka barafu. Funga kwa zile kamba za mpira wa tyubu wanazotumia bodaboda, hazilegei kwenye mashimo kama kamba za kawaida. Nguo beba za hali mbili: nyepesi ya Mombo na koti la upepo la kushukia. Mimi huwa natia gazeti kifuani chini ya koti, wazee wa baiskeli wamefanya hivyo miaka na miaka na mpaka leo sijaona koti la bei linaloshinda gazeti.

Na suruali fupi zile za kubana, vaa pensi juu yake. Huko ni kwa watu wenye heshima zao, misikiti na makanisa kila kilima, usiingie mgahawani kwa mama wa watu umevaa kama ngozi.

Mazoezi kwa wa Dar

Najua Dar hakuna milima. Nenda Pugu na Kisarawe, panda kile kilima mara nne, jumamosi hii na ijayo na ile ya tatu, ukiwa na mzigo ule ule utakaosafiri nao. Wa Moshi na Arusha nyie hamna haja ya kufundishwa. Kitu cha kujifunza sio kwenda kasi, ni kukaa kwenye siti saa nzima ukizungusha polepole bila kusimama kwenye pedeli. Ukiweza saa moja bila kusimama umemaliza.

Kufika Mombo

Basi lolote la Moshi au Arusha linapita hapo, na ya Lushoto yenyewe pia, kutoka Mbezi kituo kikuu. Ongea na konda mapema na ulipe mzigo wa baiskeli kabla hujaipakia, ukisubiri mpaka mshukie bei inakuwa ya mtu asiye na pa kwenda. Toa gurudumu la mbele, geuza usukani, fungua pedeli, ile mashine ya gia ya nyuma izungushie boksi la karatasi ngumu. Laza baiskeli kwenye buti upande wa cheni ukiwa juu. Halafu simama pale mpaka buti lifungwe. Siku moja nilienda kununua maji, narudi nakuta gunia la mchele limekaa juu ya gurudumu langu, nikaenda Usambara nzima na rimu inacheza dansi.

Kama unataka kupasha moto mwili shukia Korogwe, kama kilomita 40 kabla, barabara sio mbaya, mkonge pembeni na milima inakuja upande wako wa kulia inazidi kukua. Ila malori na mabasi ya pale hayana utani. Mi siku hizi nashukia Mombo moja kwa moja, nalala hapo kwenye chandarua, mbu wapo wa kutosha, asubuhi naanza nikiwa mzima.

Siku ya kwanza: Mombo hadi Lushoto

Ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Sio saa mbili. Jua la Mombo likishapanda unapikwa, na sehemu ngumu ndiyo ile ya mwanzo.

Mita kama elfu moja kwa kilomita 33, ni kama asilimia tatu tu kwa wastani, lakini wastani unadanganya, sehemu kubwa ya mpando imo kati ya Mombo na Soni, yaani nusu ya kwanza na kidogo. Barabara imefuata bonde la mto, upande mmoja mwamba upande mwingine korongo, na kona zake zimejikunja. Weka gia nyepesi kabla kona haijaanza, ukichelewa ukabadilisha huku umekandamiza pedeli kwa nguvu cheni inaruka au inakatika. Kaa kushoto, lakini usijibane sana ukingoni, acha nusu mita ya kukimbilia. Kwenye kona zilizofungwa sikiliza kwanza, Kosta zinashuka zikiwa zimezima muziki wa injini na huzisikii mpaka zimefika, mi napiga kengele utadhani muuza ice cream.

Kunywa kila robo saa, kiu isikuwahi. Lita tatu ukianza. Kila baada ya kama dakika arobaini shuka, tembea hatua kadhaa, kula ndizi moja au karanga, endelea. Usikae chini nusu saa, miguu ikipoa inasahau kazi.

Kwenye moja ya hizo kona nilimkuta mzee anasukuma Phoenix yake ina mikungu miwili ya ndizi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unaenda wapi na mabegi hayo?"

"Mtae."

"Leo?"

"Hapana mzee, keshokutwa."

"Ahaa. Maana sisi huku baiskeli tunashuka nayo. Kupanda inapandishwa."

Nikashuka nikasukuma naye mpaka juu ya ile kona, tukaongea, na nikagundua nilikuwa naendesha kwa kasi ile ile ya kutembea. Tangu siku hiyo kusukuma sioni aibu. Ukiona mwendo wako umeshuka chini ya kilomita nne kwa saa shuka, misuli mingine inafanya kazi na ile iliyochoka inapumzika, hupotezi hata dakika.

Soni unasimama. Kuna maporomoko ya maji karibu na barabara, kuna chai na chapati, kuna akina mama wanauza peasi na mboga. Ukiwa umechoka kupita kiasi lala hapo hapo. Kutoka Soni mpaka Lushoto mpando umelainika, unapita mashamba ya mabondeni kijani mpaka macho yanapumzika, hewa imeshabadilika, utashangaa kumbe unatabasamu. Kwa mwendo wa uvivu kuanzia Mombo ni masaa matano na mapumziko ndani yake.

Siku ya pili: usiendeshe mbali

Najua utakuwa na nguvu za kujidai. Tulia. Lushoto ni mji wa kukaa, Wajerumani waliuita Wilhelmstal wakajenga majumba yao kukimbia joto la chini. Acha mzigo gesti, chukua baiskeli tupu uende Irente, kilomita tano au sita tu kutoka mjini, kwenye ule mwamba unaotazama tambarare. Unasimama pale unaona Mazinde iko chini kabisa, mita kama elfu moja moja kwa moja chini ya viatu vyako, mabasi ya njia kuu yanakuwa kama siafu. Hapo ndipo unapoelewa umepanda nini jana. Irente pia kuna shamba lenye jibini na mkate wa kwao, kula.

Jioni hiyo kagua baiskeli. Kila boliti. Keria hasa, boliti za keria hulegea bila kukuambia.

Halafu nenda stendi, uliza hali ya barabara. Hapa nikupe mbinu. Ukimuuliza mtu wa mlimani "Lukozi ni mbali?" atakwambia "hapo tu" au "bado kidogo", na haongopi, yeye anapima kwa miguu yake ambayo imezaliwa huko. Usiulize umbali. Muulize bodaboda, "Mpaka Lukozi unanipeleka shilingi ngapi?" Halafu uliza na sehemu nyingine unayoijua. Bei ya boda ina kila kitu ndani yake, umbali, matope, mawe, na kama mvua imepiga jana. Bei ikipanda mara mbili ghafla jua kuna kitu barabarani, muulize kwa nini, atakusimulia yote.

Siku ya tatu: Lushoto, Magamba, Lukozi

Kutoka mjini unapanda moja kwa moja kwenda Magamba, kama kilomita saba, miti inazidi kuwa mirefu na baridi inaanza kuuma masikio. Ule msitu ni hifadhi ya mazingira asilia, una mbega wale weusi wenye manyoya meupe, ukienda kimya asubuhi utawasikia kabla hujawaona, na baiskeli haina kelele kwa hiyo una bahati kuliko wenye pikipiki. Ukitaka kuingia njia za ndani ya msitu kuna kiingilio, malizana na ofisi ya wahifadhi kwanza, usijifanye mjanja.

Njia panda ya Magamba uliza, usifuate simu peke yake. Ramani ishushe kwenye simu kabla hujaondoka Lushoto kwa sababu mtandao juu kule unakuja na kuondoka, lakini ramani haijui daraja lipi limeondoka na maji.

Sasa ndio mlima wenyewe unaanza. Lami ikiisha punguza upepo kwenye tairi, kama ulikuwa na psi 50 shusha mpaka 35 hivi, tairi inalala kidogo na inashika, na mikono yako haitakufa ganzi. Barabara hii haikupandishi mara moja ikakuacha kama ile ya Mombo. Inakupandisha mita themanini, inakushusha sitini, inakupandisha mia. Ukifika jioni ukihesabu umepanda sana na wala hujaenda juu kivile. Kichwa ndicho kinachochoka. Dawa yangu ni kutotazama mbele, natazama mita kumi mbele ya tairi la mbele, nachagua mstari usio na mawe, basi.

Kwenye kokoto na mpando mkali kaa kwenye siti, inamisha kifua kuelekea usukani. Ukisimama tairi la nyuma linakosa uzito linazunguka bure.

Watoto watakukimbilia. Ni furaha, ila kuna wengine hudandia keria kwa nyuma kwenye mpando na hapo unaweza kuanguka wote wawili. Ukiwaona mapema wasalimie kwanza wewe, uliza shule wanasoma wapi, mpe mmoja "cheo" cha kukuonyesha njia mpaka mwisho wa kijiji. Hawatadandia. Wakubwa nao salamu kwa kila mtu hata kama pumzi imeisha, shikamoo moja ya kuhema imeshanipatia uji, sehemu ya kulala na fundi.

Lukozi ni kituo cha mboga. Kabichi, karoti, viazi, magunia yanapakiwa kwenye Fuso, na hizi Fuso nazozikuta mimi huwa zinaondoka jioni kwenda mjini. Maana yake kwako ni hii, saa kumi jioni uwe umeshafika na umeegesha. Hutaki kukutana na Fuso yenye kabichi imezidi kwenye kona nyembamba wakati jua liko machoni mwa dereva. Lala hapo. Watu wengi wanaotembea kwa miguu hulala kwa masista wa Rangwi, ni pazuri na pametulia, ila pako pembeni ya njia yetu, uliza njia na hali yake kabla hujakata kona.

Chakula ni makande. Kula sahani mbili.

Siku ya nne: kwenda Mtae

Hii siku usiiwekee saa. Unapita Sunga, unapita vijiji vilivyokaa kwenye migongo ya milima, kila kona unaona barabara yako iko ng'ambo ya bonde na unajiuliza inafikaje kule, na jibu ni kwamba inashuka mpaka chini kabisa kisha inapanda. Maji jaza kila yanapouzwa. Ya mtoni usinywe hata kama yanaonekana safi, juu yake kuna mashamba na mifugo, labda uwe na dawa ya kutibu maji.

Mtae unaijua ukifika kwa sababu ardhi inaisha. Kijiji kiko kwenye ulimi wa mlima, kulia shimo kushoto shimo, chini kule tambarare ya Mkomazi, mbele milima ya Upare, na asubuhi ikiwa safi Kilimanjaro inajitokeza kwa mbali. Amka saa kumi na moja na nusu, baada ya saa tatu ukungu unafunika kila kitu.

Sasa kuna watu watakwambia kuna njia ya kushuka moja kwa moja mpaka tambarare. Zipo, za miguu na za mawe. Na mzigo, usifanye. Mi nilijaribu kipande kidogo na nikaishia kubeba baiskeli begani huku nikimuomba Mungu msamaha wa dhambi za utotoni. Rudi ulikotoka, au panda basi la alfajiri linalorudi Lushoto, linaondoka kabla ya jua kwa hiyo ongea nao usiku ule ule na baiskeli ilale karibu na basi. Kurudi kwa basi sio dhambi.

Kushuka: soma hapa mara mbili

Siku ya mwisho ni Lushoto kwenda Mombo, na wote wanaiona kama zawadi. Fanya hesabu hii. Wewe, baiskeli na mzigo mna kilo 95. Mnashuka mita elfu moja. Nguvu yote hiyo lazima iende mahali, nyingine inachukuliwa na upepo, inayobaki ni joto kwenye breki zako. Kama yote ingeingia kwenye breki ingetosha kuchemsha maji zaidi ya lita mbili na nusu. Kwenye breki mbili ndogo kama kidole.

Mara ya kwanza sikujua hilo. Nilishuka kutoka Soni nimebana breki ya nyuma mfululizo kama dakika kumi, polepole kabisa, najiona dereva makini. Rimu ikapata moto, upepo ndani ya tairi ukapanuka, tyubu ikapasuka mlio kama bunduki kwenye kona. Bahati ilikuwa ya nyuma, ingekuwa ya mbele nisingekuwa naandika hapa. Nilipogusa rimu niliunguza kidole.

Kwa hiyo fanya hivi. Tumia breki zote mbili kwa pamoja, bana kwa nguvu kabla ya kona mpaka mwendo umepungua, kisha achia kabisa zipoe, halafu tena. Bana, achia. Usibane kidogo kidogo muda wote, hiyo ndiyo inayopika. Ndani ya kona usibane ya mbele hasa kama kuna mchanga. Kila kilomita mbili tatu za mteremko mkali simama, sogeza kidole karibu na rimu au disiki bila kugusa, ukisikia joto usoni mwa kidole pumzika dakika tano. Disiki ikiwa ya moto usiimwagie maji, inajikunja. Kama una breki za mipira na rimu, kabla ya kuondoka Lushoto punguza upepo kidogo tairini uache nafasi ya kupanuka.

Pedi zibadilishe Lushoto, sio ukishasikia chuma kinasaga chuma. Na vaa koti lako juu, mwili uliolowa jasho ukishuka kilomita 40 kwa saa unatetemeka mpaka vidole havibani breki vizuri, hilo nalo nimeliona kwa rafiki yangu akapitiliza kona akaishia kwenye shamba la mahindi, mzima, anacheka, mwenye shamba hakucheka.

Usimpite gari kwenye kushuka hata kama linakwenda polepole. Na likiwa nyuma yako linakusukuma tafuta uwazi, simama, lipite.

Ukikaribia Mombo joto linakupokea kama mlango wa tanuri umefunguliwa, vua koti, kunywa maji, tafuta chai. Basi za Dar zinapita hapo hapo, ila kabla hujaanza kubishana na konda kuhusu buti zungusha magurudumu yote mawili uangalie kama yamenyooka, ukutane na fundi hapo Mombo kama kuna spoku imelegea, maana ukifika Mbezi usiku bado una safari ya kuendesha mpaka nyumbani.